Taya la Saruji

"Ishushe tochi, mzee. Zaidi. Ilaze kabisa ukutani."

Soja wa jengo akailaza. Tulikuwa juu ya jukwaa la mabomba, usawa wa ghorofa ya pili ya jengo moja la zamani karibu na Biashara Street. Maduka yalikuwa yamefungwa, na sauti za makanga zilitufikia kwa mbali kutoka upande wa Tom Mboya. Mchana kutwa nilikuwa nimeikodolea macho ile nembo nisione kitu ila uvimbe wa jiwe uliopakwa rangi juu ya rangi. Ilikuwa Julai, na mawingu ya Julai hapa Nairobi hutoa mwanga usio na kivuli. Vitu vyote huwa bapa. Lakini usiku, tochi ikija kwa ubavu, hata mkwaruzo wa msumari hutoa kivuli chake.

Mguu ukatokea. Kisha mkia. Kisha, pale nilipokuwa nimeandika daftarini "uso umekwisha", zikatokea sharubu.

Mistari minne myembamba, shavuni, imekwaruzwa kwa mkono usiosita.

"Huyo ni paka," soja akasema.

Aliniudhi kidogo, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nilichoitiwa

Mwenye jengo ni mjukuu wa aliyelijenga. Ombi lake lilisikika jepesi kwenye simu: nembo ya babu imeliwa na mvua, ifinyangwe upya kwa udongo, ikalibiwe, irudishwe mahali pake. Ngao, simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, utepe chini yake, na mwaka. Ukiinua macho juu ya vibao vya maduka katika mitaa ile, utaziona nyingi za aina hiyo, majina na miaka ya wafanyabiashara waliokuja baada ya reli kufika hapa 1899. Watu hawainui macho. Wanaangalia mifuko yao, na sina la kuwalaumu.

Wengi hudhani udongo wenyewe ndio utakaopanda ukutani. La. Udongo ni wa kufanyia mfano tu. Ukishakamilika, unamiminiwa silikoni, juu ya silikoni unawekwa ganda la plasta lishike umbo, kisha ndani ya kalibu hiyo unamwagwa mchanganyiko wa chokaa na unga wa mawe. Udongo unabomoka wakati wa kufungua kalibu na kurudi ndooni kuwa tope. Ningekuwa nataka kuuchoma tanuruni, ningelazimika kumfinyanga simba mkubwa kuliko yule wa ukutani, maana udongo hunywea ukikauka na hunywea tena motoni. Kwa jumla karibu asilimia 10, kutegemea udongo wenyewe. Kwa njia ya kalibu hauchomwi wala hauachwi ukauke. Kazi yangu ya kila jioni ni kuunyunyizia maji, kuuvika gunia bichi na kuufunga kwa nailoni.

Udongo niliupata kutoka Murang'a, wa kijivu, laini, wenye harufu ya mto. Niliuweka juu ya plaiwudi iliyopakwa vanishi ili mbao zisinywe maji yake, na misumari iliyopigwa nusu na kufungwa waya ili simba asiporomoke usiku. Kuanzia kiunoni kwenda chini hapakuwa na shida. Miguu, makucha, kishungi cha mkia, vyote vilikuwa vimesalia ukutani kiasi cha kupimika kwa bikari.

Tatizo lilikuwa juu. Jengo limejengwa kwa lile jiwe letu la kijivu, majivu ya volkano yaliyoshikana, jiwe linalochongeka kwa urahisi na kuliwa kwa urahisi uleule. Mfereji wa bati wa paa ulitoboka juu ya kichwa cha simba hasa. Haukuzibwa. Mvua ya miongo mingi ikamdondokea utosini.

Simba wawili, ngozi moja

Baada ya usiku ule nilirudi na maji, brashi laini na kisu cha mbao, nikaanza kutoa rangi polepole. Nilichokikuta kilinisumbua kwa wiki nyingi, na ndicho kilichonifanya niandike haya.

Mwili ni wa jiwe. Ni simba wa ngao za Ulaya: kiuno chembamba kupita kiasi, manyoya yaliyosokotwa kwa mpangilio, makucha yametanuliwa hewani. Aliyemchonga alikuwa na mchoro mbele yake na aliufuata. Mnyama wa namna hiyo hatembei popote duniani. Ukienda siku ya Jumapili pale mbuga ya Lang'ata utaona tumbo la simba lilivyo, linaning'inia.

Kichwa ni cha saruji.

Kuna fundi aliyekuja baadaye, akakuta uso umeliwa, akaujenga upya kuanzia paji hadi kidevu. Na hakujenga simba wa ngao. Alijenga mdomo uliofungwa, pua pana, sikio la duara, taya zito, na zile sharubu alizozikwaruza kwa ncha ya msumari saruji ikiwa bado mbichi. Huyu alikuwa amemwona simba, au alikuwa amemtazama paka kwa makini sana. Chini ya taya, mahali ambapo mtu aliye barabarani hawezi kupaona, kuna alama ya dole gumba. Alilainisha kwa mkono mtupu. Aliyewahi kushika saruji mbichi bila glavu anajua jinsi inavyokula ngozi.

Wakati huo, kwenye karakana yangu, udongo ulikuwa tayari una kichwa. Mdomo wazi, ulimi nje, kama michoro ya ngao inavyomtaka simba wa namna hiyo awe. Ulikuwa umependeza, nisiseme uongo.

Niliufunika nailoni nikauacha.

Cha babu ni kipi?

"Mimi nataka ya babu," mwenye jengo aliniambia nilipompelekea picha za usiku. "Hiyo saruji ni kiraka tu, fundi. Itoe."

Hoja yake ni ya haki. Jengo ni lake, babu ni wake. Shida ni kwamba kichwa cha babu hakipo. Familia ina picha moja ya zamani inayoonyesha uso wa jengo: watu wamejipanga mbele, gari jeusi, na juu yao, kwenye ngao, doa jeupe dogo kuliko ncha ya kalamu. Nimeikuza picha ile kwenye kompyuta hadi ikawa vumbi. Haina mdomo, uwe wazi au uwe umefungwa.

Kwa hiyo ulimi ule niliokuwa nimeufinyanga haukuwa wa babu. Ulikuwa wangu. Ningekuwa nimemtengeneza simba wa tatu, nikamvika uzee, nikamwambia mteja kwamba ni wa kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Hakuna ambaye angegundua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mzee wa cherehani

Kwenye kibaraza cha jirani kuna mzee fundi cherehani ambaye ameshona mtaani hapo tangu ujana wake. Soja ndiye aliyenipeleka kwake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nikae kwenye stuli ya wateja.

"Binti yangu, huyo simba alitengenezwa nikiwapo," akasema. "Uhuru ulikuwa umeshapita. Fundi alikuwa mtu wa Ukambani, mfupi. Alipanda ngazi na shilingi mfukoni. Ile shilingi mpya, ya Mzee Kenyatta upande mmoja na ngao ya serikali upande wa pili. Akawa anaitoa, anaitazama, anairudisha, anapaka saruji."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelewa na hadithi hiyo. Hebu fikiria: simba wa enzi ya koloni anapewa uso kutoka kwenye shilingi ya jamhuri! Sarafu hizo zilitoka 1966. Ngao ya taifa ina simba wawili, mikuki mkononi, jogoo katikati ameshika shoka. Nilikwisha kuandika kichwani aya nzima kuhusu jambo hilo, aya tamu.

Kisha nikatafuta sarafu yenyewe. Mtaani bado wapo wanaouza pesa za zamani, na shilingi ya 1966 si kitu adimu. Niliiweka chini ya lenzi. Kichwa cha simba pale ni kidogo kuliko punje ya mchele. Hakiwezi kumfundisha mtu taya, wala pua, wala sharubu.

Simwiti mzee mwongo. Huenda shilingi ilikuwapo na fundi aliitazama kwa sababu zake. Huenda alikuwa anahesabu ujira wake. Lakini hadithi inapopendeza kiasi hicho, naipima mara mbili. Kwenye ripoti niliandika kwamba uso ulijengwa upya kwa saruji baada ya Uhuru, kwa ushuhuda wa jirani. Shilingi niliiweka hapa kwenye blogu, ndipo mahali pake.

Kilichobaki mkononi mwangu ni uso wenyewe. Huo hauhitaji hadithi. Kuna mtu alipanda ngazi, akaukosa mchoro, akaamua kufinyanga anachokijua. Jina lake halikuandikwa popote. La mwenye jengo liko kwenye utepe kwa herufi kubwa.

Kiraka kinachoua

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo niliamua kuliacha taya mahali pake. Haikuwezekana.

Saruji ni adui wa jiwe laini. Jiwe letu hunywa maji mvua ikinyesha na kuyatoa jua likiwaka, linapumua hivyo. Ukilifunika kwa saruji ngumu, maji yanayopenya kwenye nyufa hayana pa kutokea. Yanazunguka nyuma ya kiraka, yanaleta chumvi, chumvi inakauka na kusukuma, na jiwe linageuka unga huku uso wa nje ukiwa bado mzima. Niligonga taya kwa kifundo cha kidole. Lililia kama debe.

Fundi mwenzangu aliniuliza kwa nini nisimiminie silikoni juu ya taya lenyewe, nipate nakala bila kuhangaika na udongo. Ni swali zuri. Ila jiwe la nyuma lilikuwa limeshakuwa unga, na silikoni ikivutwa ingeondoka na taya zima kabla sijalipima. Tena kalibu hainakili nia ya mtu. Inanakili rangi iliyoganda, nyufa, na mavi ya njiwa.

Basi kiraka kilichokuwa kinaliua jiwe ndicho kilichokuwa kimebeba sura pekee ya simba huyu. Lazima kitoke. Na kabla hakijatoka, lazima kisomwe.

Nililirudia lile gunia, nikaufunua udongo, nikaukata ulimi kwa waya.

Kunakili haraka ya mwenzio

Sehemu hii ndiyo niliyoipenda, na sikuitarajia.

Kufinyanga uso wa fundi yule kulikuwa kugumu kuliko kufinyanga simba wa vitabuni. Simba wa vitabuni ana kanuni: mapindo haya, jicho hapa, kunjo la mdomo pale. Ukikosea unarudia, udongo haukukimbilii. Yeye alikuwa na saruji, na saruji inaganda. Kila kitu usoni pale kimefanywa mara moja. Pua imekandamizwa kwa mwiko, ikaachwa. Shavu limepigwa kwa kiganja. Sharubu zimekwaruzwa kwa mpigo mmoja mmoja, na mwisho wa kila mstari pana kijinundu kidogo mahali msumari ulipoinuka.

Mimi nilikuwa nikipapasa. Napima, naongeza, natoa, nalainisha. Vipimo vilikuwa sawasawa na sura haikuwa yake. Ilikuwa imelala.

Nilibadili udongo wenyewe. Niliuacha wazi mpaka ukaanza kukaza, usiokubali kubembelezwa, kisha nikafanya kila kitu kwa mguso mmoja na kuondoa mkono. Iliyoharibika niliing'oa kipande kizima na kuanza upya, bila kuitengeneza. Ndipo taya likaanza kuwa zito. Alama ya dole gumba niliifanya mwisho. Dole langu ni jembamba kuliko lake, kwa hiyo nilitumia kipande cha mbao nilichokichonga kwa kipimo cha alama yake. Kuacha dole langu pale kungekuwa kutia sahihi kwenye kazi ya mtu.

Soja alipokuja karakana kuona, alicheka. "Paka amerudi."

Mkataba wa 1964

Wanaofanya kazi za majengo ya kale wana mkataba wao uliotungwa Venice mwezi Mei 1964, miezi michache baada ya Uhuru wetu. Ulitungwa na watu ambao wengi wao walikuwa na makanisa ya Ulaya akilini, na mara nyingi nausoma nikikunja uso. Lakini una mambo matatu ambayo sijaweza kuyapinga. Kipengele cha 9 kinataka ukarabati ukome pale ubunifu wa kukisia unapoanza. Cha 11 kinataka michango ya kweli ya kila kipindi iheshimiwe, kwa sababu lengo si jengo lote kuwa la mtindo mmoja. Cha 12 kinataka sehemu mpya ipatane na nzima, ila mtu aweze kuitofautisha na ya asili.

Nilimsomea mwenye jengo kile cha 11. Alisikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo babu yangu na huyo fundi ni sawa?"

"Ukutani, bwana, ndiyo."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: kama nina hakika kwamba yule simba ni wa babu hata kidogo, ama ni yule wa bendera ya koloni, simba mwekundu aliyesimama vilevile.

Kwa nini tusiache aoze

Wako rafiki zangu waliouliza swali hilohilo bila adabu. Kwa nini unamfufua simba wa mzungu? Uhuru ulipofika, sanamu ya Lord Delamere, yule mlowezi wa Kiingereza, iliondolewa kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Malkia Victoria wa bustani ya Jeevanjee, aliyetolewa zawadi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwenyewe 1906, aliangushwa 2015 na kichwa kikavunjika. Simba wa mlangoni mwa maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi ikawafungia Waafrika mlango, bado wanakaa pale kana kwamba hawana habari, na watoto wanapigiwa picha migongoni mwao.

Sina jibu moja la yote hayo. Sanamu ya mtu aliyejitwalia ardhi si sawa na simba wa duka la vitambaa. Nembo hii pia haina taji wala maneno ya serikali. Mfanyabiashara alitaka duka lake lionekane na heshima, akaazima mnyama aliyekuwa akiheshimiwa na wenye mji wakati ule. Simba wa jiwe peke yake sidhani angenikosesha usingizi. Angeisha, ningepita chini yake na mfuko wangu nimeukumbatia kama wengine wote.

Ni yule wa saruji aliyenishika. Nembo ambayo Mhindi mwenye duka aliiazima kwa mkoloni, ikapewa uso na Mkamba asiye na jina: sijui historia nyingine ya mji huu iliyo fupi kiasi hicho. Kuitoa saruji ile na kurudisha mdomo wazi ni kumfuta mtu mmoja tu kati ya watatu, na daima ni yuleyule anayefutwa.

Tarakimu ya mwisho

Lilibaki suala la mwaka. Kwenye utepe zinasomeka 1, 9 na 2. Ya nne imekwenda, isipokuwa tumbo la mviringo chini kulia. Mchoro wa jengo ambao familia imeutunza una muhuri wa mwaka unaoishia na 4, na nne haina tumbo. Michoro hupitishwa kwanza, kuta hufuata. Kwa hiyo inaweza kuwa 5, inaweza kuwa 6, inaweza kuwa 8.

"Weka 5," mwenye jengo akasema. "Ni karibu."

Nilikataa. Uso una ushahidi, hata kama ni wa mkono wa pili. Tarakimu ina tumbo tu. Nimeliacha tumbo lile kama lilivyo, na sehemu iliyobaki ya utepe nimeilainisha. Nyuma ya kipande kipya, mahali ambapo fundi atakayekibandua miaka ijayo atapaona, nimeandika mwaka huu na kazi iliyofanywa, na kwamba kichwa kilifuata ukarabati wa saruji uliokuwapo.

Amekubali yote mawili, taya na utepe, ila kwa shingo upande. Tulipokaa kumalizia hesabu aliniuliza kama tarakimu isiyoandikwa inapunguza bei.

Nilimwambia inaongeza. Kabla ya kupandisha chochote pale juu kuna mfereji wa kununua, na fundi wa mabati anakuja Alhamisi kupima.